Mkuki wa Wakanda: uagizwe, uchomelewe au ufuliwe Hanang?

Mkuki wa Okoye, mlinzi wa mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, unang'aa kama chuma kilichotoka kusuguliwa sasa hivi. Danai Gurira ndiye mwigizaji aliyeushika, na miongoni mwa walinzi wenzake alikuwamo Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi ya filamu hiyo na kushinda Oscar mwaka 2019, alichota mengi kwa Waafrika, shanga na rangi nyekundu za Wamaasai zikiwemo. Ndiyo maana huniuma kuona kijana wa Katesh au Dongobesh akiagiza ng'ambo nakala ya plastiki, ilhali nusu siku ya mwendo kutoka kwake yupo mtu anayefua mikuki halisi tangu utotoni.

Nimelinganisha njia nne za kuupata mkuki huo. Bei za vyuma hupanda na kushuka, na siku ya mnada bei ya asubuhi siyo ya jioni, kwa hiyo nitahesabu kwa kilo, mita na siku. Bei ya siku yako utaiweka mwenyewe.

Kuagiza kwanza. Wengi husoma bei ya kwenye simu wakadhani wamemaliza. Bidhaa nyingi zilizokamilika zikiingia Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na tangu Julai 2022 zipo zinazotozwa 35. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 18, nayo huhesabiwa juu ya thamani ikiwa imeshaongezwa ushuru. Mzigo wenye thamani ya shilingi 100,000 pamoja na usafiri wake unakuwa 125,000, kisha 147,500, kabla ya tozo nyingine ndogo na kabla ya nauli ya kuuleta kutoka Dar es Salaam au Arusha hadi Babati. Ukifika, unapata kitu cha vipandevipande vya kuunganisha, kwa sababu mkuki wa mita mbili haupendwi na wasafirishaji. Kila kiungo ni mahali pa kuvunjikia. Faida yake ni moja: unafanana na ule wa filamu kwa nakshi. Kwa anayetaka kuutundika ukutani, inatosha.

Fundi wa kuchomelea ndiye wa haraka. Kando ya lami ya Babati kwenda Singida hutamkosa. Atachukua nondo ya milimita 12 iwe mpini, akate kengee kwenye bamba la milimita 4, aviunganishe, apitishe grenda na kupuliza rangi ya fedha. Umeme ukiwepo, jioni unaondoka nao. Lakini uzito upime kwanza. Mita moja ya nondo hiyo ina gramu 890 hivi, kwa hiyo mpini wa mita 1.6 na kengee yake ni kama kilo moja na robo tatu. Ushike mkono ukiwa umenyooka kwa dakika tano tu, halafu fikiria siku nzima ya kupiga filamu ukirudia tukio lilelile. Kengee ya bamba nayo ni bapa tupu, haina mgongo wa katikati, na kamera ikisogea karibu inaonekana kama mwiko wa ugali. Rangi ya kupuliza hubanduka palepale kiganja kinaposhika. Tena usinunue nondo nzima: huuzwa ya mita 12, na wewe unahitaji kipande. Waulize mafundi ujenzi masalio.

Sasa mhunzi. Miongoni mwa Wadatoga wa Hanang, Mbulu na bonde la Eyasi, uhunzi ni kazi ya ukoo wa Gidang'odiga, ambao kwa desturi haukuoana na koo nyingine. Kwao ndiko Wahadzabe wa Yaeda Chini kwa miaka mingi wamepata vyembe vya mishale, mara nyingi kwa kubadilishana na asali. Kufuli mbovu na koki za maji zilizokufa huyeyushwa zikawa bangili za shaba. Misumari inafuliwa ikawa vyembe.

Nilipomwamkia mzee mmoja wa ukoo huo na kumwonyesha picha ya mkuki kwenye simu, aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza: "Huu ni wa kuchoma au wa kutazamwa?" Swali hilo liliniokolea fedha. Nilikuwa nimebeba springi ya gari, nikiamini chuma bora ndicho kitakachotoa kazi bora. Springi ina kaboni nyingi. Ni chuma cha jembe na panga, kigumu kufua, na kinakula makaa. Mkuki wa filamu haupaswi kukata kitu. Kwake nondo laini inatosha: kipande cha milimita 16, urefu wa sentimita 35, kisichofika gramu 600, kinatoa kengee ya sentimita 40 pamoja na tundu la mpini.

Kazi yenyewe nimeiangalia kwa karibu. Kijana anakaa nyuma ya mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, anaikandamiza kwa zamu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na upepo hauachi kutoka. Chuma kikigeuka rangi ya chungwa mzee anakitoa kwa koleo, anapiga nyundo nane au tisa, kinarudi kuwa chekundu cha damu, anakirudisha motoni. Mgongo wa kati hautengenezwi kwa kuongeza chuma: anapiga kando zote mbili, katikati panabaki pameinuka. Mkia wa kengee anaukunja ukawa mrija, bila tone la kuchomelea, kisha anausukuma ukiwa moto juu ya ncha ya mti. Mti unafuka moshi, unaungua kiasi cha kujitengenezea makao, na chuma kikipoa kimeubana.

Hapo unalipia vitu vitatu: chuma, makaa na mikono. Chuma peleka chako. Makaa elewaneni kabla moto haujawashwa. Mikono ni siku mbili za watu wawili, kwa sababu kusugua kwa tupa na msasa hadi kung'aa kunachukua muda kuliko kufua. Ukisugua mwenyewe unaokoa siku moja. Usimpeleke kamwe bomba au bati lililopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, moto wa mhunzi unapita hapo, na moshi wake unaumiza mapafu ya mzee na ya yule kijana wa mivukuto.

Mpini ufanye wa mkole, sentimita 120, uliokaushwa kivulini wiki kadhaa. Nyuma weka mchokoo wa nondo wa sentimita 40. Mkuki mzima wa mita mbili unakuwa kilo moja na robo hivi, na uzito umekaa pande zote mbili, kwa hiyo unatulia mkononi. Ukitaka mti nao ung'ae, uviringishie bati jembamba la alumini. Kwa mapambo tumia singa za mbuzi. Nyara za wanyamapori zinataka kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Njia ya nne ni mti mtupu, kazi ya seremala ya nusu siku, na ndiyo rahisi kuliko zote. Watu huidharau bure. Hata watengenezaji wakubwa wa filamu huwa na kifaa kimoja cha picha za karibu na kingine chepesi cha kukimbia nacho na kuangushana. Mkuki wa chuma, hata ukiwa butu, usiuelekeze kifuani mwa mwenzako.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa filamu fupi au igizo la shule, ufuliwe mmoja wa chuma na uchongwe mmoja wa mti. Kwa picha moja ya haraka, nenda kwa fundi wa kuchomelea ukaombe mpini wa mti badala ya nondo. Plastiki ya kuagiza mwachie mwenye ukuta. Ukifika kwa mhunzi, usianze na bei ya chuma uliyoiona dukani. Mwamkie, mwonyeshe picha, na umwambie mapema kwamba mkuki ni wa kutazamwa.