Daftari la mkutubi wa Kibamba

Kila ukurasa umegawanywa kwa rula, safu nne. Safu ya kwanza ni neno alilokuja nalo mwanafunzi. Ya pili ni majina ambayo jambo hilohilo liliwahi kuitwa zamani. Ya tatu ni jina linalotambuliwa na faharasa kubwa za utafiti duniani. Ya nne, iliyoandikwa kwa wino mwekundu, ni neno la mgonjwa: namna mama wa Bagamoyo au mzee wa Mahenge anavyoutaja ugonjwa anapoketi mbele ya daktari. Daftari lenyewe ni kaunta buku la kawaida, jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu, kama yale yanayouzwa duka lolote la vifaa vya ofisi pale Mbezi Mwisho. Pembe zimezungushiwa solotepu. Baadhi ya kurasa zimebandikiwa vipande vya karatasi vinavyokunjuka kama vibawa, kwa sababu nafasi ya safu ya pili imekwisha na majina bado yanaongezeka.

Mwenye daftari ni mkutubi mstaafu anayeishi Kibamba, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro. Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa hiyo nitamwita Mama, kama wanavyomwita vijana wanaomjia. Nilifika mtaani kwake nikifuatilia habari ya viwanja. Nikakuta barazani wanafunzi wa udaktari wamekaa mkekani, kompyuta mapajani, wanabishana kwa sauti kuhusu uvimbe wa taya la mtoto na mwaka 1958. Habari ya viwanja iliishia hapo.

Msomaji anayepita njia hiyo anajua jinsi Kibamba ilivyobadilika. Hospitali ya Mloganzila ilizinduliwa Novemba 2017, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina kampasi yake huko. Palipokuwa mashamba na vichaka sasa pana vyumba vya kupanga, vijana waliovaa makoti meupe, na mafundi simu wanaojua kufufua kompyuta iliyojaa tasnifu usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha. Mama alijenga hapa kabla ya hayo yote. Vijana walimfuata wao, mmoja akimleta mwenzake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba dokta. Umekuja na neno gani leo?”

Hivyo ndivyo anavyowapokea, wote ni madaktari kwake hata aliye mwaka wa pili. Swali halibadiliki. Hataki kwanza kusikia mada wala jina la msimamizi. Anataka neno, na akishalipata analiandika safu ya kwanza, herufi zile za mkutubi wa zamani, zilizosimama wima, kila moja mbali na jirani yake.

Aliniambia kazi yake yote ilikuwa kuwakutanisha watu wasiojuana. Katika mpangilio wa Dewey, ambao maktaba zetu nyingi hupangia vitabu, ukutubi uko 020, magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu 616.8, saratani 616.994, uhandisi 620. Asubuhi moja toroli la vitabu vilivyorudishwa linabeba vyote vinne. Mkutubi anayesukuma toroli hilo anaona jambo ambalo wenye vitabu hawalioni, kwamba mhandisi wa mionzi, mtafiti wa ubongo na bingwa wa saratani wanaulizana swali moja kwa lugha tatu, na kila mmoja anadhani hakuna aliyewahi kuliuliza.

Uvimbe wa taya ndio ukurasa wake anaoupenda, na nakiri ndio uliokwamisha safari yangu. Mwaka 1957 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu Burkitt akaona mwingine wa namna hiyo Jinja. Akaanza kupekua kumbukumbu, na mwaka 1958 akachapisha katika jarida la wapasuaji la Uingereza makala kuhusu sarkoma ya taya kwa watoto wa Kiafrika. Haikushtua watu wengi. Baadaye wanapatholojia wa Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, walionyesha kwamba haikuwa sarkoma, ilikuwa limfoma, saratani ya chembe za kinga ya mwili. Leo dunia nzima inaijua kwa jina la Burkitt.

“Sasa niambie, baba,” Mama alisema akiweka kidole kwenye safu ya pili. “Kijana anatafuta limfoma kwenye vichwa vya makala. Makala iliyoanzisha yote imeandikwa sarkoma. Ataiona saa ngapi?”

Hapo ndipo sauti yake inapopanda. Burkitt hakuishia kwenye makala. Alituma hospitali za Afrika vipeperushi vyenye picha za watoto wale, akiuliza nani amewaona. Majibu yakamchorea ramani. Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapakia gari kuukuu aina ya Ford na kushuka kusini, wakipita nchi yetu, wiki kumi barabarani, zaidi ya kilomita 16,000, wakiingia hospitali hadi hospitali na swali lilelile. Wakagundua kwamba uvimbe huo unafuata joto na mvua na kukimbia nyanda za juu zenye baridi, karibu sawasawa na malaria. Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na aliyekaa kusikiliza ni Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Epstein akaomba vipande vya uvimbe visafirishwe kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi walichokiona ndani ya chembe hizo kwa hadubini ya elektroni, na hicho ndicho kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani.

Wanafunzi hukimbilia sehemu ya kirusi. Mama hukimbilia vipeperushi. Kwake ule ni ukutubi mtupu: picha moja, swali moja, majibu yamepangwa kwa mahali na mwinuko. Na kuna jambo analolipenda kuliko yote. Mwaka huohuo wa 1964, Davies na wenzake walichapisha uchambuzi wa saratani katika kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, Kampala, kuanzia mwaka 1897 hadi 1956. Hospitali hiyo ilianzishwa na mmisionari Albert Cook, mtu aliyekuwa akiandika habari za wagonjwa wake bila kuchoka, na mafaili hayakutupwa. Maktaba ya tiba ya Makerere ina jina la Cook hadi leo. Mama alitaja jina hilo mara mbili, kwa heshima ambayo watu wengi huwawekea viongozi wa dini.

Geuza kurasa kadhaa, kuna Mahenge. Safu ya nne imejaa kuliko nyingine zote. Daktari kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alifika kwenye milima hiyo ya Ulanga kuelekea mwaka 1960 na kukuta wagonjwa wa kifafa wengi kupita kiasi, wengine wakilishwa peke yao na vyombo vyao vimetengwa, wengine wana makovu ya kuangukia motoni. Akafungua kliniki. Mwaka 1965 alichapisha kazi yake kuhusu kifafa kwa Wapogoro. Miongoni mwa aliyoyaona ni watoto wanaoangusha kichwa mbele mara kwa mara, kama wamezidiwa na usingizi. Wenyeji walikuwa na namna yao ya kulisema: amesinzia kichwa. Mama ameyaandika maneno hayo mawili kwa wino mwekundu na kuyapigia mstari.

Miaka ikapita. Watoto wa namna hiyo wakaonekana Sudan Kusini, kisha kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader, na habari zikaandikwa kana kwamba balaa limezuka jana. Mwaka 2012 wanasayansi walikutana Kampala kuujadili ugonjwa wa kusinzia kichwa. Leo ushahidi mwingi unaelekeza kwenye minyoo ya usubi, ile inayoenezwa na inzi wa kando ya mito inayokwenda kasi, na Mahenge ni moja ya sehemu zilizofanyiwa utafiti huo. Bado haijakubalika moja kwa moja minyoo hiyo inauumizaje ubongo.

Mama anakumbuka barua ya daktari mmoja wa wilayani, zamani za kadi, aliyeomba chochote kilichowahi kuandikwa kuhusu watoto wanaoangusha vichwa. Alitafuta chini ya kifafa. Kadi zilikuwa nyingi na hakuna hata moja iliyotaja kichwa. Ya Jilek-Aall ilikuwamo kwenye droo hiyohiyo, imeandikwa kifafa tu. “Nilimjibu kwamba hakuna,” alisema, kisha akanyamaza, akaendelea na jambo jingine. Safu ya nne ilianza baada ya hapo.

Kuna ukurasa wa degedege. Mwaka 1996 watafiti walichapisha kazi kutoka Bagamoyo kuhusu namna familia zinavyoitibu degedege, na walifanya uungwana wa kuliweka neno hilo kwenye kichwa cha makala. Anayeingia kwa mlango wa malaria kali ataikuta. Anayeingia kwa mlango wa mishtuko ya ubongo anaweza kuipita, na ndani yake kuna maelezo ya kwa nini mtoto anachelewa kufika hospitali, jambo ambalo daktari wa ubongo analihitaji kama dawa.

Na kuna ukurasa wa vijana wa uhandisi, maana nao wanakuja, wanaosoma vifaa tiba na ubaridi wa kuhifadhia chanjo. Hapo jina ni Erasto Mpemba. Wengi tunaijua hadithi: mwanafunzi wa Magamba, mwaka 1963, akitengeneza aisikrimu, anaona maziwa ya moto yanaganda kabla ya yaliyopoa, anachekwa, baadaye akiwa Mkwawa anamuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, ambaye analipima swali badala ya kulicheka. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mama hapendi kusimulia yale ya darasani. Anataka ujue kwamba makala hiyo ilipewa kichwa cha neno moja na alama ya kuuliza: Cool? Hakuna maji, hakuna kuganda, hakuna joto. Mfumo unaosoma vichwa vya makala usingejua ni fizikia au ni mavazi. Imepona kwa sababu watu waliendelea kulitaja jina la Mpemba mdomoni.

Vijana wanamwambia siku hizi mitambo inajua. Haikatai. Alianza kazi wakati Index Medicus, faharasa iliyoanzishwa mwaka 1879 na John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani aliyegeuka mkutubi, bado ilikuwa vitabu vizito vya kubebwa kwa mikono miwili. Aliiona PubMed ikifunguliwa bure mwaka 1997. Aliiona HINARI ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, iliyotufungulia majarida ambayo hakuna chuo chetu kingeweza kuyalipia yote. Anasema usiku alipofungua kwa mara ya kwanza jarida zima, si ikisiri tu, alilia. Lakini kanzidata za tasnifu za vyuo vyetu, anasema, nyingi bado zinatafuta herufi kwa herufi. Mwanafunzi aliyeandika saratani ya umio kwa tahajia ya Kimarekani hamkuti aliyeiandika kwa tahajia ya Kiingereza cha Uingereza, ambayo inaanza na herufi o. Wote wawili wamehoji wagonjwa wa nchi moja.

Programu za akili mnemba Mama hazitaki kabisa katika hatua hii. Kijana mmoja alimletea orodha ya marejeo iliyopendeza, yenye majarida halisi na miaka inayoaminika. Walitafuta jioni nzima. Makala tatu kati ya hizo hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Mama hakumgombeza. Alimpa kalamu nyekundu, akamwambia arudi wodini awaulize wagonjwa wanauitaje ugonjwa wao, aanzie hapo.

Anachokitaka si kikubwa. Anataka kila tasnifu ya afya inayoandikwa nchini iwe na mstari mmoja kwenye ukurasa wa ikisiri: maneno ya mgonjwa, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, kama yalivyotamkwa. Orodha ya istilahi ambayo faharasa za tiba duniani huitumia tangu mwaka 1960 ina tafsiri ya Kihispania na ya Kireno. Lugha inayosemwa na mamilioni ya wagonjwa kutoka Mombasa hadi Goma haina yake inayotumika vyuoni. Amewaambia wahadhiri. Wanakubali kwa kichwa. Hakuna aliyeuweka mstari huo kwenye mwongozo wa uandishi.

Mimi naona ana haki, na naona aibu kwamba kazi hii inafanyika mkekani. Nilimuuliza nani aibebe: Baraza la Kiswahili, wizara, bodi ya huduma za maktaba, vyuo vyenyewe? Akasema kila mmoja atasema ni ya mwenzake. Nikamuuliza daftari litakwenda wapi yeye akichoka. Alisema ameombwa liskaniwe, na amekataa, kwa sababu picha ya ukurasa haiongezwi jina jipya. Anataka mtu wa kuliendeleza, aliyesoma ukutubi, anayeweza kukaa na daktari na asiogope, na mwenye mshahara. Hilo la mwisho alilisema kwa mkazo.

Wakati naaga, binti mmoja alikuwa ameshaketi. Neno lake lilikuwa kumbukumbu, za ubongoni, kwa wagonjwa waliopigwa mionzi ya kichwa kutibu saratani. Mama akamuuliza wagonjwa wenyewe wanasemaje. Binti akasema wengine wanasema wamesahau njia ya kurudi nyumbani, wengine wanasema kichwa kimekuwa chepesi, na mmoja alisema majina ya wanawe yanakuja yakiwa yamechanganyika. “Hayo matatu si jambo moja,” Mama alimwambia. “Utayaweka wapi?”