MASHAURI KABLA YA FEDHA: KHABARI ZA KABANGA NA JIRANI ZAKE



Mkulima wa karafuu anamjua vizuri mgeni ajaye shambani na shauri alilokwisha kulikata. Huja majamvi yamekwisha kutandikwa, akauliza, "Mnaonaje?" na huku karatasi ya kutiwa saini iko mfukoni, imekwisha kupigwa chapa. Siku hizi kuwauliza watu kuna jina kubwa, ushirikishwaji, na ni shida kulipata shirika la kimataifa lisilolitaja. Tumeona yafaa tuwape khabari za mbali na bahari, za Kabanga na vijiji vingine vya Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, kwani huko mambo yalianza kwa kutoulizana kabisa.

Mwaka 1972 ilipita Operesheni Kigoma. Waha, waliozoea kukaa kila mtu penye migomba yake, walihamishwa wakakusanywa vijijini. Septemba 1973 Robert McNamara, Rais wa Benki ya Dunia, alihutubia Nairobi, akasema Benki itamgeukia mkulima mdogo, ili kufika 1985 mavuno yake yawe yakiongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka. Mwaka 1974 Benki ikatoa mkopo wa kuendeleza vijiji vya Mkoa wa Kigoma. Makadirio yalifanywa na wataalamu, na vijiji vyenyewe vilikuwa vipya. Mradi haukuzaa kama ilivyotarajiwa. Mimi sishangai: mtu aliyehamishwa juzi hajaujua udongo wa shamba lake jipya, na aliyemwandikia mpango hakuujua zaidi yake.

Wakubwa walichukua muda kujifunza. Robert Chambers wa Uingereza alitoa kitabu mwaka 1983 akitaka mtu wa mwisho atangulizwe, na mwaka 1996 Benki yenyewe ikachapa kitabu cha kuwafundisha watumishi wake namna ya kuwashirikisha watu.

Kwa Tanzania Bara, mwaka 2001 ulianzishwa utaratibu uitwao Fursa na Vikwazo katika Maendeleo, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yakasaidia. Watumishi wa wilaya na kata walikaa kijijini siku 9. Wanakijiji walichora ramani ya kijiji chao, wakaeleza walicho nacho na kinachowazuia, kisha mpango ukapelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa sheria ya 1982 ni wa kila mkaazi mtu mzima. Jambo zuri kabisa. Lakini ukiwauliza watu siku 9 wanataka nini, watataja skuli, zahanati, maji, barabara na daraja, na fedha za wilaya hazitoshi orodha yote. Kijiji kikangoja, orodha ikalala kabatini, na mwaka wa pili nani atakuja mkutanoni? Baadaye utaratibu ukatengenezwa upya kwa msaada wa JICA ya Japan: kijiji kianze kwanza na lile kiwezalo kwa nguvu zake, ndipo wilaya iongeze. Khasa hapo ndipo pa kutazama, kwani aliyekwisha kuchimba msingi hujua la kumwuliza mwenye saruji.

Mpango wa TASAF, ulioanza mwaka 2000 kwa fedha za Benki ya Dunia, ulikuja kufika mbali zaidi. Katika awamu yake ya tatu wanakijiji wenyewe ndio waliotaja kaya maskini. Kisha kila kaya iliulizwa maswali, majibu yakatiwa katika kompyuta, na kompyuta ikaweza kumtoa mtu aliyetajwa na jirani zake wote. Nani amjuaye maskini zaidi, jirani au mashine? Jirani naye ana upendeleo wake, tusijidanganye. Kwa hiyo majina yalirudishwa yakasomwa mbele ya mkutano. Unguja na Pemba zilikuwamo pia katika mpango huo, na katika shehia zetu majina yalisomwa vivyo hivyo, kila aliyekuwapo akiwa na haki ya kusimama na kusema, "Huyo siye."