Mama Huyu Anaitwa Nani?

Wajukuu zangu, kabla malori hayajaanza kupanga foleni Tunduma yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, kabla hata reli ya TAZARA haijakamilika mwaka 1975, wazee wetu walikuwa wamekwisha kupigwa picha.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1899, mmisionari Mjerumani wa Kanisa la Moravian, Traugott Bachmann, alifungua kituo Mbozi, kwa Wanyiha. Wamisionari wa kanisa hilo walipiga picha za huku kwetu wakazipeleka kwao. Nyingine zimetunzwa hadi leo katika mji wa Herrnhut, Ujerumani.

Kamera za siku hizo zilikuwa masanduku mazito yaliyosimamishwa juu ya miguu mitatu. Ndani kiliwekwa kioo kilichopakwa dawa inayonasa mwanga. Ukitikisika, sura yako inatoka na ukungu. Kwa hiyo mkiwaona wazee wamesimama wima, nyuso zimekaza, msidhani hawakujua kucheka. Walitakiwa kutulia.

Mkikutana na picha ya mama anayesaga ulezi, msiipite mbio. Mtazameni alivyopiga magoti nyuma ya jiwe kubwa, ameshika jiwe dogo kwa mikono miwili, analisukuma mbele na kulirudisha, unga unadondoka kwenye ungo. Tazameni jiwe lilivyolika katikati. Limesaga chakula cha watu wengi hilo! Kisha tazameni jembe lililoegemezwa ukutani. Wahunzi wa Kinyiha waliyeyusha chuma wenyewe kwenye matanuru ya udongo, wakafua majembe. Wafumaji nao walitengeneza nguo kwa pamba.

Ila kuna jambo linaniuma. Katika picha nyingi za zamani jina la mpiga picha linajulikana, la aliyepigwa halipo. Utasoma tu “mwanamke akisaga”. Mama huyo alikuwa na jina, alikuwa na watoto, na pengine wajukuu zake wanauza mahindi sokoni leo bila kujua kwamba sura ya bibi yao ipo Ulaya.

Tusirudie kosa hilo. Leo jioni itoeni ile bahasha ya picha iliyomo kabatini, mkae na bibi au babu. Ulizeni: huyu ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa mwaka gani? Andikeni majibu nyuma ya kila picha, kwa penseli, taratibu msiikwaruze. Fanyeni hivyo wakati wanaokumbuka bado wapo.