Kukuza Hamira Nyumbani: Kutoka Tunda la Mwegea hadi Feni ya Kompyuta

Wengi wetu huijua hamira kama unga wa kuumulia mandazi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba unga huo ni viumbe hai vilivyolala. Hamira ni aina ya kuvu yenye seli moja. Ikipata maji, sukari na joto la wastani, huamka, ikazaana na kutoa hewa ya kaboni pamoja na kileo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtengenezaji pombe wa nyumbani awezavyo kujiundia kifaa cha kuizidisha hamira, na kuonyesha kwamba wazo hili si geni kwetu.

Kwa nini izidishwe? Hamira ikiwa haba, bakteria huitangulia na pombe ikageuka siki. Aidha, inapozaana huhitaji oksijeni ili kujenga utando wa seli zake. Chupa ikitulia, hamira huzama kitakoni. Ikikorogwa mfululizo, hupata hewa na chakula, ikaongezeka maradufu.

Kikorogeo huundwa kwa vifaa vya kuokoteza. Chukua feni ya kompyuta iliyotupwa na sumaku mbili ndogo zenye nguvu. Zigandishe sumaku juu ya kitovu cha feni, kila moja upande wake, moja ikielekeza juu ncha ya kaskazini na nyingine ya kusini. Ifunge feni ndani ya kijisanduku chenye kifuniko chembamba cha plastiki, pasiwe na mgusano. Feni nyingi za volti 12 huzunguka polepole zikipewa volti 5 za chaja ya simu, na mwendo huo watosha. Juu ya kifuniko weka chupa ya kioo yenye kitako bapa, na ndani yake kijiti cha sumaku kilichovikwa plastiki. Feni izungukapo, kijiti nacho huzunguka.

Chakula cha hamira ni gramu 100 za unga wa dondoo ya kimea katika lita moja ya maji. Chemsha kwa dakika 15, upoe hadi nyuzi 25 hivi za selsiasi, kisha mimina katika chupa iliyotakaswa na utie hamira. Funika kwa karatasi ya foili bila kukaza, kwani hewa iliyobanwa hupasua chupa. Baada ya saa 24 hadi 48, hamira huwa tayari.

Sasa tuwatazame Wagikuyu na muratina yao. Tunda la mwegea hupasuliwa, likachemshwa na kukaushwa juani. Kisha hulowekwa katika kinywaji kidogo cha asali au cha maji ya miwa, mahali penye joto, hadi hamira ijishikize katika nyuzi zake. Pombe ikiiva, tunda hutolewa, likaanikwa na kuhifadhiwa kwa zamu nyingine. Tunda hilo ni ghala na kitalu cha hamira kwa pamoja. Emil Christian Hansen alipofaulu kukuza hamira kutokana na seli moja katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1883, alileta usafi wa mbegu. Lakini desturi ya kuitunza mbegu yenyewe ilikuwepo.

Hamira, chachu, kimea, kuumua, kuchacha: msamiati tunao. Anayedai kwamba sayansi haielezeki kwa Kiswahili na ajaribu kwanza kuyatumia maneno ambayo mama zetu huyatumia jikoni kila siku.