Tusiuziwe Mbuzi Katika Gunia

Mtu akishuka kwenye pantoni kutoka Kigamboni na kuingia soko la samaki la Feri, jambo moja ataliona mara moja: hakuna mnunuzi anayetoa fedha kabla ya kutazama. Huyu hufunua mashavu ya changu aone kama bado ni mekundu. Yule humbonyeza kolekole kwa kidole ajue kama nyama yake ingali imara. Akipanda kwenda Kariakoo atakuta hali ni hiyo hiyo. Muuza machungwa humkatia mteja kipande aonje. Muuza balbu huichomeka kwenye umeme iwake mbele ya macho ya mnunuzi. Muuza nguo humpa mtu nafasi ajipime. Hiyo ndiyo desturi ya soko letu. Mwenye fedha aone, aguse, aonje, kisha aamue. Kinyume chake wazee walikipa jina ambalo kila mtu analijua: kuuziwa mbuzi katika gunia.

Leo imo nchini biashara moja kubwa ambayo bidhaa yake haiguswi wala haionjwi, na ambayo gunia lake hufunguliwa baada ya fedha kwisha kulipwa. Biashara hiyo ni ya nyongeza za michezo ya kompyuta na ya simu, ile ambayo vijana wetu huiita gemu.

Yafaa tuieleze, maana wazazi wengi huisikia tu. Mchezo wenyewe mara nyingi hutolewa bure, au huuzwa kwa bei yake mara moja. Kisha mwenye mchezo huuza vitu vidogo vidogo vya kuongeza: mavazi ya mchezaji, silaha, viwanja vipya, sura mpya za hadithi, au sarafu na almasi za kuwaziwa ambazo hazina thamani nje ya mchezo huo. Kila kimoja huonekana kuwa na bei ndogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kinachojazwa hapa si cha mnunuzi. Malipo hupita katika kadi ya benki au katika akiba ya simu. Na simu hiyo hiyo ndiyo inayotunza mshahara wa baba, kodi ya chumba na nauli ya wiki nzima.

Fedha za mfanyakazi hupotea hapa kwa njia nne, na kila moja ina hila yake.

Njia ya kwanza ni mtoto. Tuseme mama anayeuza chakula pale Feri amempa mwanawe simu acheze wakati yeye anahudumia wateja. Mama ameweka namba ya siri mara moja kwa ajili ya kununua kitu kimoja. Mtoto anaendelea kubonyeza, na kila anapobonyeza anadhani anacheza, kumbe ananunua. Jioni mama akitazama salio haoni kitu. Hakuna aliyeiba, wala hakuna bidhaa anayoweza kuishika mkononi na kuirudisha dukani.

Njia ya pili ni kitufe. Katika baadhi ya michezo kitufe cha kununua kimewekwa mahali ambapo kidole hupita kila dakika, na hakuna swali linaloulizwa kabla ya fedha kukatwa. Mtu mzima mwenye akili timamu naye hunaswa.

Njia ya tatu ni sanduku lililofungwa. Mchezaji hulipia sanduku au pakiti asiyojua ndani yake mna nini, akitumaini kumpata mchezaji hodari wa mpira au silaha kali. Huyu kweli anauziwa mbuzi katika gunia, na mara nyingi akilifungua hukuta paka. Mwaka 2018 tume inayosimamia michezo ya kamari katika Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya aina hiyo katika michezo kadhaa, pamoja na mchezo wa mpira wa FIFA 18, yalikuwa kamari isiyo halali. Mwaka uliofuata kampuni ya Electronic Arts iliacha kuuza pointi za FIFA nchini humo.

Njia ya nne ndiyo yenye uso wa ukarimu zaidi, nayo ni jaribio la bure. Mteja huambiwa: jaribu siku saba, hutalipa hata senti. Lakini kabla ya kuanza huombwa kadi yake au idhini ya kukata fedha. Siku ya nane makato huanza, na mwezi wa pili hurudia, na wa tatu vilevile. Wengi huufuta mchezo kwenye simu wakidhani wamemaliza mambo. Hawajamaliza. Kufuta programu hakufuti usajili wa malipo. Usajili hufutwa mahali pake, katika duka la mtandaoni ulikoanzia. Kariakoo aliyekuonjesha chungwa hakufuati nyumbani kila mwisho wa mwezi kudai bei ya kapu zima.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto na michezo, na kwamba gazeti linalosomwa na wafanyakazi lina mambo mazito zaidi ya kuandika. Sisi hatukubali. Shilingi inayotoka mfukoni mwa mfanyakazi bila ridhaa yake ni shilingi iliyochukuliwa, iwe imechukuliwa na mwizi wa Kariakoo au na kitufe chenye rangi nzuri. Tena mataifa makubwa yenyewe yalikwisha kuliona jambo hili kuwa zito.

Huko Marekani, tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara iliishtaki kampuni ya Apple kwa sababu mzazi akishaandika namba yake ya siri, mlango wa kununua ulibaki wazi kwa dakika 15 bila yeye kuambiwa. Mwezi Januari 2014 Apple ilikubali kuwarudishia wateja dola zisizopungua milioni 32.5. Mwezi Septemba mwaka huo huo Google nayo ilikubali kurudisha dola zisizopungua milioni 19. Kampuni ya Amazon ilikataa ikaenda mahakamani. Mwaka 2016 ikashindwa, na mwaka 2017 ikafunguliwa njia ya kurudisha dola zaidi ya milioni 70. Kisha, mwezi Desemba 2022, kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wachezaji waliokatwa fedha kwa vitufe vya hila. Tume ilidai pia kwamba mteja aliyepinga makato kupitia benki yake alifungiwa akaunti, akapoteza hata vile alivyonunua kwa haki.

Msomaji na aangalie vizuri. Makampuni haya hayakuamka asubuhi moja yakajaa huruma. Yalirudisha fedha kwa sababu palikuwapo sheria, palikuwapo chombo cha kuisimamia, na palikuwapo walaji waliolalamika.

Fundisho lililo kubwa zaidi kwetu latoka Australia. Kampuni ya Valve, yenye duka la michezo liitwalo Steam, ina makao yake katika jimbo la Washington huko Marekani. Mwaka 2014 mamlaka ya ushindani na walaji ya Australia iliishtaki kwa kuwaambia wateja kwamba hawana haki ya kurudishiwa fedha kwa hali yoyote. Valve ilijitetea kwamba haikuwa ikifanya biashara Australia na kwamba sheria za huko hazikuihusu. Mwaka 2016 mahakama ilikataa utetezi huo, ikaitoza faini ya dola milioni 3 za Australia, na rufaa zake hazikufua dafu. Maana yake ni wazi: anayeuza mahali hufuata sheria ya mahali hapo, hata kama ofisi yake iko ng'ambo ya bahari.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, mwezi Juni 2015, Steam ilitangaza utaratibu wa kurudisha fedha. Mteja aweza kuomba ndani ya siku 14, ikiwa hajacheza zaidi ya saa mbili. Na nyongeza pia hurudishwa ndani ya siku 14, ikiwa mchezo mkuu haujachezwa zaidi ya saa mbili tangu nyongeza inunuliwe, na ikiwa nyongeza yenyewe haijatumika, haijageuzwa wala haijahamishiwa kwa mwingine. Huo si utaratibu wa peponi, lakini waonyesha kwamba jambo lililosemwa kuwa haliwezekani lawezekana.

Haki haina budi kuwa pande zote mbili. Muuzaji naye ana hoja yake. Mtu aliyekula samaki hawezi kurudi Feri na miba akidai fedha zake. Vivyo hivyo, aliyetumia almasi zote kushinda mchezo, kisha akadai alinunua kwa bahati mbaya, anadanganya. Ndiyo sababu sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011, iliyompa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili nia, ilisema pia kwamba haki hiyo huisha kwa bidhaa za kidijitali pale mnunuzi anapokubali waziwazi kupewa papo hapo na kukiri kwamba anaiacha haki hiyo. Mambo ya kupimwa basi ni matatu: nani alinunua, je alielezwa kabla ya kulipa, na je bidhaa imekwisha kutumika?

Sasa tutazame nyumbani. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, iliyoanza mwaka 1931, inamtambua mnunuzi kuwa mtu mwenye haki ya kukagua, na inazo kanuni za bidhaa inayotolewa kwa kujaribiwa kwanza. Ila ilitungwa wakati bidhaa ni kitu cha kushikika. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961 inataka mwenye kufunga mkataba awe amefikia umri wa utu uzima, nao ni miaka 18. Mtoto wa miaka tisa anayebonyeza kitufe hawezi kusemwa kwamba amefunga mkataba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha na kumdanganya mlaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina sehemu yake inayomlinda mnunuzi wa mtandaoni. Jirani zetu wa Kenya nao, katika sheria yao ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012, waliyataja mapatano ya mtandaoni kwa jina.

Kisha likaja jambo la mwaka 2022. Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, makampuni ya nje yanayouza huduma za kidijitali kwa wateja wa Tanzania yaliwekewa utaratibu wa kujiandikisha na kulipa kodi ya ongezeko la thamani, pamoja na kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia mbili ya mapato ghafi. Hatua hiyo ilikuwa ya haki. Lakini ikiwa kampuni yaonekana vya kutosha kutozwa kodi, basi yaonekana vya kutosha kuulizwa kuhusu mteja wake. Haiwezekani iwe hapa wakati wa kukusanya, na iwe ng'ambo wakati wa kurudisha.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, itungwe kanuni iliyo wazi juu ya bidhaa za kidijitali, itakayotaja muda wa kuomba kurudishiwa fedha kwa nyongeza isiyotumika, na itakayosema kwamba ununuzi wa mtoto bila idhini ya mzazi hurudishwa. Pili, jaribio la bure lisigeuke kuwa malipo kabla mteja hajapelekewa taarifa ya Kiswahili, na kujitoa kuwe kwepesi kama kuingia. Tatu, Tume ya Ushindani na Mamlaka ya Mawasiliano ziwe na mlango mmoja wa malalamiko haya, ili mpagazi wa Kariakoo asizungushwe kutoka ofisi hadi ofisi kwa ajili ya shilingi elfu kumi.

Wakati tukingoja hayo, mlinzi wa kwanza wa mfuko ni mwenye mfuko. Simu anayopewa mtoto iwekwe namba ya siri kwa kila ununuzi, si kwa ununuzi wa kwanza peke yake. Ukianza jaribio la bure, andika tarehe ya mwisho na ujitoe mapema. Kwa simu za Apple ni angalau saa 24 kabla muda haujaisha. Ukikatwa fedha isivyo haki, usilale: Google Play hupokea maombi ya kurudishiwa fedha ndani ya saa 48, na baada ya hapo mara nyingi huelekeza mteja kwa mwenye mchezo. Tunza ujumbe wa malipo kama unavyotunza risiti ya duka, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfanyakazi haombi sadaka. Anachotaka ni kwamba haki anayoipata mbele ya meza ya samaki aipate pia mbele ya kioo cha simu: aonyeshwe anachonunua, aambiwe bei yake yote, na akiuziwa ambacho hakukitaka, fedha yake irudi. Biashara isiyoweza kutimiza masharti hayo mepesi haistahili jasho lake.