Mwili wa Mtoto Usipoonyesha Jeraha

Kesi ya unajisi inapofikishwa mahakamani Kwale, huwa imetanguliwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni fomu ya PRC, inayojazwa hospitalini mtoto anapopokelewa. Ya pili ni P3, fomu ya polisi ambayo daktari au afisa wa kliniki huijaza baada ya kumpima. Katika hospitali ya rufaa ya Msambweni, kama katika hospitali yoyote ya umma nchini, sheria inataka mtoto huyo atibiwe bure, na kitabibu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hutakiwa kuanza kabla ya saa 72 kupita. Hata hivyo, P3 husubiriwa nyumbani kwa swali moja tu: kuna jeraha au hakuna? Ikisema hakuna, mama huvunjika moyo, wazee huanza mazungumzo ya kumalizana kifamilia, na kesi hudhoofika kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Swali hilo ndilo lililokosewa. Anayeweza kulisahihisha ni mhudumu wa afya, na mahali pa kulisahihisha ni kizimbani, mbele ya hakimu.

Utabibu umekwisha kulijibu. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Joyce Adams walipitia kumbukumbu za watoto 236 ambao kudhulumiwa kwao kingono kulikuwa kumethibitishwa kisheria. Waliokutwa na dalili zisizo za kawaida walikuwa asilimia 14 tu. Mwaka 2002 utafiti mwingine wa watoto zaidi ya 2,300 waliofikishwa kliniki kwa shaka ya dhuluma uliwakuta zaidi ya asilimia 96 wakiwa na mwili wa kawaida kabisa. Lakini ushahidi unaonigusa zaidi ni wa Nancy Kellogg na wenzake, kule Texas, mwaka 2004. Waliwachunguza wasichana 36, wote wajawazito, na ni wawili tu waliokuwa na alama ya wazi ya kuingiliwa. Mimba ipo, na bado jeraha halionekani! Sababu zinafahamika: sehemu hizo za mwili hupona kwa siku chache, msichana akibalehe huwa na ngozi inayotanuka bila kuchanika, na mtoto aliyedhulumiwa na mtu wa nyumbani au jirani mara nyingi hunyamaza wiki au miezi kabla ya kusema. Isitoshe, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inahesabu kuingiliwa hata kwa sehemu kuwa kosa kamili.

Mwanasheria atauliza: kama ni hivyo, daktari wa nini? Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mradi aandike sababu za kuridhika kwamba mtoto anasema kweli. Mahakama ya Rufaa ikiketi Mombasa mwaka 2006 nayo ilisema kukosekana kwa ushahidi wa kitabibu hakuamui kesi. Ni kweli, na ni jambo jema. Ila ruhusa ya kumwamini mtoto haimwondolei hakimu shaka iliyopandwa na wakili anayesoma kwa sauti maneno "hakuna jeraha" kisha akaketi. Maneno hayo yakiachwa bila mfafanuzi huwa kama shahidi wa upande wa utetezi. Daktari akiulizwa, jibu lake ni fupi: matokeo haya hayathibitishi kisa wala hayakikanushi, na sababu ni hizi.

Hapa pwani hoja hii ina uzito wa pekee. Utafiti wa UNICEF na Serikali ya Kenya wa mwaka 2006 ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika wilaya za Mombasa, Kilifi, Malindi na Kwale walikuwa wakitumiwa katika biashara ya ngono, na ukaonyesha kwamba wateja hawakuwa watalii peke yao, bali Wakenya pia. Msichana wa miaka 14 aliyetumiwa hivyo Diani huenda asionyeshe jeraha jipya, na wakili anaweza kutaka aonekane "amezoea". Kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinazuia historia ya mlalamishi kuletwa ovyo mahakamani. Daktari asiifungulie mlango wa nyuma kwa kuandika habari za kizinda kana kwamba ni cheti cha tabia.

Pingamizi zito zaidi ni la haki ya mshtakiwa. Adhabu ya unajisi ni kali: kifungo cha maisha mtoto akiwa na miaka 11 au chini, si chini ya miaka 20 akiwa na 12 hadi 15, si chini ya 15 akiwa na 16 au 17. Mwezi Julai 2024 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba viwango hivyo vya chini ni halali. Je, daktari aliyemhurumia mtoto hatakuwa mwendesha mashtaka wa pili? Anaweza, akiandika "amenajisiwa" badala ya kuandika alichokiona. Ndiyo maana anapaswa kuhojiwa. P3 zinazosema kizinda kimechanika kitambo zimekuwa zikichukuliwa kuwa uthibitisho, ilhali Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2018 kwamba hakuna uchunguzi wa kizinda unaoweza kuthibitisha kama mtu amewahi kuingiliwa. Ukweli uleule unaomkinga mtoto asiitwe mwongo humkinga pia asiye na hatia. Na pasipo cheti cha kuzaliwa, makadirio ya umri yanayofanywa na daktari yanaweza kuamua mtu afungwe miaka 15 au 20.

Limebaki suala la wahudumu kuwa wachache. Aliyeitwa mahakamani ameacha foleni ya wagonjwa, na kesi ikiahirishwa amepoteza siku yote. Wengine huhamishwa, na sheria humruhusu mwenzao anayeujua mwandiko wao kuiwasilisha P3. Lakini huyo husoma tu, hawezi kueleza kitu ambacho hakukiona. Tangu janga la korona mwaka 2020 mahakama zetu zimezoea kusikiliza mashahidi kwa video. Hakuna sababu ya msingi ya kumfanya afisa wa kliniki aliyehamishwa kutoka Kinango asihojiwe akiwa kituo chake kipya, kwa saa iliyopangwa, kabla ya mashahidi wengine. Kaunti nayo iihesabu siku ya ushahidi kuwa zamu ya kazi, yenye nauli na mtu wa kushika nafasi wodini.