Kumnyima Mpinzani Mchezo Wake

Mchezo wa sataranji baina ya wazoefu mara nyingi huwa umeshaelemea upande mmoja kabla mfalme yeyote hajatishwa. Hakuna aliyeliwa kete zaidi ya mwenzake, lakini mmoja anatembeza kete zake kwa raha na mwingine kabanwa, kila anachosogeza kinafungua tundu mahali pengine. Wachezaji huuita huo ubora wa mkao. Hautokani na wingi wa kete, bali na mahali zilipokaa.

Aliyeigeuza fikra hiyo kuwa elimu ni Wilhelm Steinitz, mzaliwa wa Prague. Enzi zake sifa ilikuwa kumvamia mfalme tangu mwanzo na kutoa kete kafara bila kuhesabu sana. Steinitz alishikilia kwamba shambulio lisilo na msingi lastahili kushindwa: mtu akusanye kwanza faida ndogondogo, haba na haba, na wakati wa kushambulia utajileta. Mwaka 1886, katika pambano la kwanza la ubingwa wa dunia, alimkabili Johannes Zukertort huko Marekani. Alipoteza michezo minne kati ya mitano ya mwanzo, kisha akageuza kibao na kushinda kwa pointi 12.5 dhidi ya 7.5.

Faida zenyewe ni nyingi: safu iliyo wazi kwa ngome, maaskofu wawili dhidi ya askofu na farasi, mfalme aliyekaa salama. Moja yatosha kutazamwa kwa karibu, nayo ni ya askari mpweke, yaani yule asiye na askari mwenzake katika safu za jirani. Akishambuliwa, hana askari wa kumlinda. Itabidi ngome au farasi waache shughuli zao wamsimamie. Mraba ulio mbele yake nao ni kiti cha farasi wa adui, maana hakuna askari wa kumfukuza hapo. Juu ya hayo yote, kete zikiwa bado nyingi, mpweke huyo anapokuwa katikati ya ubao humpa mwenyewe nafasi pana na njia za kushambulia. Ni udhaifu mikononi mwa mtu mmoja na silaha mikononi mwa mwingine, na hapo ndipo maandalizi yanapoanza kuwa na maana: kujua mpinzani anayestarehe katika mkao gani, na kumpeleka kwingine.

Alexander Alekhine alifanya hivyo mwaka 1927. Kabla ya pambano lao la Buenos Aires hakuwa amemshinda José Raúl Capablanca wa Cuba hata mchezo mmoja, na wengi walimwona Capablanca kama mtu asiyefungika. Alekhine aliichambua michezo ya bingwa huyo na kuona kwamba alitegemea mno kipaji, akiridhika na hatua nzuri pale ambapo hatua bora ilihitaji jasho. Wengi walidhani angemshambulia kwa fujo. Badala yake alimvuta kwenye mchezo wa subira, karibu wote kwa ufunguzi uleule wa kambiti ya malkia. Ilichezwa michezo 34. Alekhine alishinda 6, akapoteza 3, na 25 ikawa sare.

Mfano ulio wazi kuliko wote, hata hivyo, ni wa London mwaka 2000. Garry Kasparov alikuwa bingwa tangu 1985, na hakuna aliyemzidi kwa kuandaa ufunguzi nyumbani. Vladimir Kramnik alimfahamu vizuri: mwaka 1995 alikuwa mmoja wa wasaidizi wake dhidi ya Viswanathan Anand. Alijua kwamba Kasparov hutisha pale malkia wanapokuwa ubaoni na kete zinaporuka huku na huku. Basi akatafuta njia ya kuwatoa malkia mapema.

Njia hiyo ni ulinzi wa Berlin, jibu la zamani kwa ufunguzi wa Kihispania ambalo mabingwa hawakulitilia maanani sana. Katika mstari wake mkuu, kufikia hatua ya nane malkia wote wawili wameshaliwa. Kwa mtazamo wa haraka mwenye nyeusi kapata hasara: mfalme wake kasogea, hawezi tena kuhifadhiwa pembeni pamoja na ngome, na askari wake wawili wamefuatana katika safu moja. Kete kubwa zikiisha zote, nyeupe hushinda kwa hesabu ya askari tu, kwa kuwa ana wanne dhidi ya watatu upande wa mfalme. Lakini nyeusi ana maaskofu wawili na mkao usio na ufa, na kuuvunja kunahitaji subira ambayo Kasparov hakuipenda. Aliujaribu ukuta huo mara nne. Mara zote nne ikawa sare.

Kramnik alipocheza nyeupe mambo yalikuwa tofauti. Katika mchezo wa pili alishinda kwa kung'ang'ania askari mmoja wa ziada. Katika ule wa kumi alikubali kwa hiari yake kuwa na askari mpweke katikati, maana kete zake zote zilikuwa macho. Hatua ya 15 alimtoa askofu ili ale askari wa e6, hatua mbili baadaye akala askofu wa Kasparov, na hatua ya 25 bingwa akasalimu amri. Pambano liliisha 8.5 kwa 6.5, Kasparov hakushinda mchezo hata mmoja.

Mchezaji wa klabu hana jopo la wasaidizi, lakini michezo ya wapinzani wengi sasa inapatikana mtandaoni. Kinachofaa kutazamwa kwanza ni ile waliyopoteza. Je, alishindwa akiwa amebanwa, au akiwa na nafasi nyingi asijue pa kwenda? Hukubali kubadilishana malkia? Muda ukimwishia hukimbilia kushambulia, au hujikunyata? Kukariri hatua 20 za kompyuta bila kuelewa mkao zinaoishia ni kupoteza jioni nzima.

Vigogo nao wamelazimika kubadilika, maana kompyuta zimewapa wote maarifa yaleyale ya ufunguzi. Magnus Carlsen huridhika na mkao wa kawaida tu, mradi una kitu cha kuchezea. Mchezo wa sita dhidi ya Ian Nepomniachtchi huko Dubai, Desemba 2021, alimtoa malkia kwa ngome mbili, mabadilishano ambayo kwa hesabu yanakaribia kulingana lakini ni magumu kuyacheza kwa pande zote mbili. Alibana kwa zaidi ya saa saba, hadi akabaki na ngome, farasi na askari wawili dhidi ya malkia mpweke, akashinda hatua ya 136, mchezo mrefu kuliko wote katika historia ya ubingwa wa dunia. Nepomniachtchi alipoteza pia mchezo wa nane, wa tisa na wa kumi na moja kwa makosa ambayo si ya mchezaji wa kiwango chake, na pambano likafungwa kwa 7.5 dhidi ya 3.5.